Nimeombwa niingie kwenye utafiti wa mgongo, na naogopa kuchaguliwa kwa bahati nasibu

Mama, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 41 na watoto wawili. Yapata miezi miwili na zaidi sasa nina maumivu yanayoanzia kiunoni upande wa kulia, yanapita kwenye kalio, yanashuka nyuma ya paja mpaka kwenye kidole kidogo cha mguu. Mgongo wenyewe hauniumi sana, mguu ndio unaonitesa. Nikikohoa au nikipiga chafya, maumivu yanachapa mguu mzima. Soksi navalishwa na binti yangu. Na mguu huohuo ndio ninaokanyagia pedali ya cherehani, kwa hiyo kazi nimepunguza hadi wateja wengine wamekuja kuchukua vitambaa vyao.

Nilipigwa picha ya MRI. Majibu yanasema diski ya chini kabisa (diski ni ile pedi laini kati ya pingili za mgongo) imetokeza na inabana mshipa wa fahamu, na diski nyingine mbili juu yake zimechakaa. Neno hilo "zimechakaa" limenikaa kichwani. Najiona mgongo wangu umekwisha.

Kliniki iliyopita daktari aliniambia kuna utafiti unaofanyika kwa watu wenye shida kama yangu. Wanagawanywa makundi mawili: wa kwanza wanapasuliwa mapema, wa pili wanaanza na mazoezi ya viungo pamoja na dawa, na upasuaji unabaki kwa atakayeuhitaji baadaye. Nikamuuliza, mimi nitakuwa kundi gani? Akasema hachagui yeye wala sichagui mimi, kompyuta ndiyo itakayochagua kwa bahati nasibu. Akanipa karatasi nikazisome nyumbani.

Mume wangu anasema niamue mwenyewe. Kaka yangu mkubwa amekuja juu. Anasema daktari asiyejua anitibu vipi hafai kunigusa mgongo, na kwamba kwenye hizo tafiti watu hudanganywa, wengine wanachanwa bure bila kutibiwa. Mama mkwe anasisitiza nilale, nisisogee, mshipa utarudi wenyewe.

Mimi nikisema ukweli wa moyo wangu, nataka nipasuliwe hata kesho nirudi kazini, halafu nikifikiria kisu karibu na uti wa mgongo usingizi unapotea. Nimewaza nikubali tu kuingia. Nikiangukia kundi la upasuaji, sawa. Nikiangukia kundi la mazoezi, nitajitoa na kutafuta upasuaji kwingine. Je, nitakuwa nimekosea?

Fundi

Marahaba, mwanangu. Pole sana na mguu. Nimekuwa muuguzi wa wodi ya mifupa kwa miaka mingi, na baadaye kazi yangu ikawa kuwafuatilia wagonjwa waliokuwa ndani ya tafiti, kuwajazia fomu na kuwasikiliza. Swali lako nalijua vizuri, na mpango uliouweka mwishoni mwa barua ndio ulionifanya nikujibu kwa kirefu.

Lakini kuna jambo la kutangulia. Ukiona ganzi sehemu za siri au kwenye makalio pale unapokalia, ukashindwa kukojoa au kuzuia mkojo au haja kubwa, au miguu yote miwili ikaanza kulegea, usingoje kliniki, utafiti wala ushauri wa mtu. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Hapo mishipa mingi inabanwa kwa pamoja na upasuaji wake hausubiri. Vivyo hivyo ukiona wayo unaburuta, huwezi kuunyanyua, au nguvu za mguu zinapungua siku hadi siku. Homa pamoja na maumivu ya mgongo, au kukonda bila sababu, nayo ni ya kumwambia daktari mapema. Kama hakuna hata moja kati ya hayo, basi tuna nafasi ya kuzungumza kwa utulivu.

Nianze na neno "zimechakaa", maana naona limekuumiza kuliko lilivyostahili. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha ya MRI watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Zaidi ya nusu, asilimia 52, walikuwa na diski iliyovimba kwenye angalau pingili moja, na asilimia 27 diski yao ilikuwa imetokeza. Watu wazima, wanatembea, wanafanya kazi zao. Mwaka 2015 zikakusanywa tafiti 33 za namna hiyo, jumla ya watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu. Katika watu wa miaka 40, wapatao 68 kwa kila 100 walikuwa na diski zilizochakaa. Wewe una 41. Hizo diski mbili za juu zina umri wako, basi. Natamani kila karatasi ya majibu ya MRI ingeandikwa na sentensi hiyo chini yake, maana nimeona watu wakiacha kuinama, wakiacha kubeba watoto wao, kwa sababu ya neno moja walilosoma.

Diski ya chini ni habari nyingine. Hiyo inabana mshipa, na mshipa unaotoka pale ndio unaokwenda nyuma ya paja mpaka kidole kidogo. Picha na mguu wako vinaeleza jambo moja. Kwa hiyo hujitungii maumivu, na hukupelekwa kwenye utafiti usiokuhusu.

Mama mkwe umjibu kwa upole, ila usilale. Uholanzi waliwahi kuwachukua wagonjwa 183 wenye maumivu ya mshipa wa mguu kama yako, nusu wakaambiwa walale wiki mbili, nusu waendelee na maisha kadiri wanavyoweza. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Baada ya wiki 12, asilimia 87 walikuwa wamepata nafuu, na ni asilimia 87 hiyohiyo kwa makundi yote mawili. Kulala hakukuwaharakishia lolote. Tembea kidogo kidogo, badilisha mkao, inuka kwenye cherehani kabla mguu haujaanza kulalamika.

Sasa nije kwa kaka yako, ambaye ana hoja na hapaswi kupuuzwa. Anauliza: daktari asiyejua tiba iliyo bora, kwa nini tumwamini? Mimi namwogopa zaidi yule anayejua kila kitu. Kuhusu ugonjwa wako, kutojua kwao si kwa mtu asiyesoma. Uholanzi tena, mwaka 2007, walichapisha matokeo ya wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu ya mguu kwa wiki 6 hadi 12, karibu sawa na wewe. Kundi moja lilipasuliwa mapema. Jingine liliendelea na tiba bila kisu, na upasuaji ukawekwa akiba. Waliopasuliwa mapema walipona haraka: nusu yao walikuwa wameshapata nafuu ndani ya wiki 4 hivi, wakati kundi la pili ilichukua wiki 12 hivi. Lakini mwaka ulipokwisha, asilimia 95 ya kila kundi walisema wamepona. Katika kundi la kusubiri, asilimia 39 walifikia kupasuliwa baadaye, na waliobaki hawakuguswa na kisu kabisa.

Soma hizo namba tena, taratibu, pamoja na mume wako. Zinasema mambo mawili kwa mpigo. Upasuaji unafupisha mateso, na hilo kwa fundi anayepoteza wateja si dogo. Na pia, watu wengi waliosubiri walifika palepale bila kupasuliwa, maana kipande cha diski kilichotoka mara nyingi husinyaa chenyewe na mwili ukakifyonza. Daktari wako yuko katikati ya hayo mawili. Kusubiri nako kuna mpaka wake. Kanada, mwaka 2020, walichapisha utafiti wa wagonjwa 128 waliokuwa wameumwa kwa miezi 4 hadi 12. Miezi sita baada ya kuanza, waliopasuliwa walikuwa na maumivu ya mguu ya kiwango cha 2.8 kati ya 10, na wasiopasuliwa 5.2. Kwa hiyo mtu akikwambia subiri tu bila kukupa tarehe ya kukuangalia upya, muulize hadi lini.

Na hiyo bahati nasibu inayomkera kaka yako ina kazi yake. Wewe ni fundi, utanielewa. Ukitaka kujua uzi upi imara kati ya aina mbili, hutashonea mmoja kwenye jinzi na mwingine kwenye hariri, halafu useme huu umekatika. Daktari akiachiwa achague, wenye maumivu makali atawapeleka kwenye kisu na wenye nafuu kwenye mazoezi, na mwisho hatutajua kilichowaponya ni tiba au ni hali waliyoanza nayo. Kompyuta inagawa bila kumjua mtu, na hapo ndipo makundi yanapofanana.

Kuhusu kudanganywa na kuchanwa bure: kaka yako hakuota. Zipo tafiti za mgongo ambazo kundi moja lilifanyiwa utaratibu wa kuigiza. Nikueleze maarufu zaidi, maana binafsi naiheshimu sana. Kulikuwa na tiba ya kudunga saruji maalumu ya kitabibu ndani ya pingili iliyopasuka, na ilikuwa imeenea, madaktari wanaisifu, wagonjwa wanainuka wanashukuru. Mwaka 2009 zikatoka tafiti mbili kwa pamoja, moja ya Australia yenye wagonjwa 78, nyingine ya wagonjwa 131. Nusu walidungwa saruji. Nusu nyingine waliingizwa chumba kilekile, wakatiwa ganzi mgongoni, na saruji ikafunguliwa karibu nao ili harufu yake kali ijae chumbani, lakini haikudungwa. Maumivu yalipungua kwa makundi yote mawili, bila tofauti ya maana. Fikiria ni watu wangapi wangeendelea kudungwa kitu kile kama wale wachache wasingekubali kuingia. Na walikubali wakijua: waliambiwa tangu mwanzo kwamba huenda wakaangukia kundi la kuigizwa. Bila ridhaa hiyo, kamati ya maadili isingeruhusu utafiti ule uanze.

Utafiti wako, kwa unavyoueleza, hauna maigizo. Kila mtu atajua yuko kundi gani. Hata hivyo hakikisha kwenye zile karatasi. Kama kuna tiba ya kuigiza, lazima iandikwe humo. Kisichoandikwa, uliza. Kisichojibiwa, usitie saini.

Tufike kwenye mpango wako wa kuingia na kujitoa ukipata usichokitaka.

Haki ya kujitoa unayo, siku yoyote, bila kueleza sababu, na matibabu yako ya kawaida hayapaswi kuguswa. Atakayekutisha kwamba ukijitoa utafukuzwa kliniki, huyo anavunja taratibu na unaweza kumshtaki kwa kamati ya maadili ambayo namba yake inapaswa kuwa kwenye fomu ya ridhaa. Hilo nalisimamia. Lakini haki ya kujitoa iliwekwa kwa ajili ya mtu ambaye mambo yamembadilikia njiani, hali imezidi, au amegundua hawezi. Kuingia ukiwa umeshaamua kwamba upande mmoja huutaki, mwanangu, hiyo naomba usifanye.

Sababu yangu ninayo. Marekani walifanya utafiti mkubwa wa diski iliyotokeza, matokeo yakatoka mwaka 2006. Kliniki 13 katika majimbo 11, wagonjwa 501 wakagawanywa kwa bahati nasibu: upasuaji, au tiba bila upasuaji. Ndani ya miezi mitatu, nusu tu ya waliopangiwa upasuaji ndio waliokuwa wamepasuliwa. Na kati ya waliopangiwa kutopasuliwa, asilimia 30 walikuwa wameshapasuliwa. Makundi yakachanganyika. Walipolinganisha kwa jinsi watu walivyopangwa mwanzoni, pande zote mbili zilipata nafuu na tofauti ikaonekana ndogo, isiyo ya uhakika. Walipolinganisha kwa kile mtu alichofanyiwa hasa, upasuaji ukaonekana kuwa mbele sana, ila hapo tena ni waliojichagulia, uzi mmoja kwenye jinzi na mwingine kwenye hariri. Fedha nyingi, miaka mingi, mamia ya wagonjwa walioumwa na kujaza fomu, na bado madaktari wakabaki wakibishana.

Siwalaumu wale wagonjwa. Maumivu ya mshipa hayana subira, na wengine walihama kwa sababu hali iliwalazimu. Nawafikiria tu wale ambao, kama wewe, walikuwa na jibu lao moyoni kabla hawajatia saini, na hakuna aliyekaa nao akawauliza kwa dhati: ukipata upande wa pili, utaukubali? Nikiwa kazini, hilo ndilo nililokuwa nauliza kabla ya kumpa mtu kalamu. Mmoja aliwahi kuniambia "hapana" papo hapo, akacheka kwa aibu. Nikamwambia asione aibu, tukafunga faili, akaenda kupanga tarehe ya upasuaji wake. Wote tulitoka tukiwa na amani.

Basi jiulize hivyo. Usijiulize unatamani upande gani. Kutamani ni kawaida. Jiulize kama kompyuta ikikupa mazoezi, utaweza kukaa nayo kwa moyo mmoja kwa muda ambao fomu inautaja. Na ikikupa upasuaji, je, ile hofu ya usiku itakuruhusu kwenda? Maana nimeona katika barua yako kwamba upasuaji unautaka mchana na kuukimbia usiku. Mtu wa namna hiyo huenda kweli yuko katikati, na mtu aliye katikati ndiye utafiti huu unamhitaji. Lakini pia inawezekana umeshachoka na uamuzi, unataka kompyuta itwishwe mzigo huo. Hilo halifai. Kwanza umalize kuogopa kwa kuuliza.

Muulize daktari wa upasuaji hasa anachotoa. Kwa kawaida ni kile kipande cha diski kinachobana mshipa, si diski nzima. Aseme hatari zake bila kupaka rangi: maambukizi, kuchanika kwa utando unaozunguka mishipa, diski kutokeza tena pale pale, na mara chache mshipa kuumia. Muulize atakufanyia nani, na ameshafanya nyingi kiasi gani. Kwa upande wa mazoezi, uliza utaonana na mtaalamu wa viungo mara ngapi na kuna dawa gani. Nasema dawa kwa sababu ipo inayoitwa pregabalini ambayo hupewa watu wengi wenye mguu kama wako. Ilipopimwa kwa wagonjwa 209 dhidi ya kidonge kisicho na dawa, matokeo ya mwaka 2017 yakaonyesha haikupunguza maumivu ya mguu, na waliomeza walipata kizunguzungu zaidi. Kama imo kwenye mpango, uliza kwa nini imo.

Halafu maswali manne ya utafiti wenyewe, na haya andika kabisa usiyasahau mbele ya daktari. Tafiti za nyuma zimeshajibu mengi, je, huu unatafuta jibu gani ambalo halijapatikana? Nikiwa kundi la mazoezi na mguu ukazidi, ni lini na kwa dalili zipi nitaruhusiwa kupasuliwa, na je, nitakuwa bado ndani ya utafiti? Nikidhurika, nani atagharamia matibabu? Na matokeo yakitoka, nitaambiwa? Swali la kwanza daktari mzuri hufurahi kuulizwa. Utamwona anavuta kiti.

Ukipata majibu na ukaona pande zote mbili unaweza kuzibeba, ingia, na ujaze fomu zao zote, hata zile za mwaka wa pili ambapo mguu umeshapona na umesahau maumivu. Fomu za waliopona zikipotea, tiba inaonekana mbaya kuliko ilivyo. Ukiona moyo umeshaegemea upasuaji na hauondoki hapo, mwambie daktari hivyo hivyo, ukae nje ya utafiti, mpange tiba yako kama mgonjwa mwingine yeyote. Hutakuwa umemkosea mtu.

Kaka yako nenda naye kliniki, aulize mwenyewe. Na jibu lako, liwe ndiyo au hapana, wapelekee kabla ya kliniki ijayo, kwa kuwa hizi tafiti huwa na muda maalumu wa kuandikisha na maumivu yako yenyewe yanaelekea miezi mitatu. Ukichelewa sana unaweza kukuta umeshapita kigezo chao cha kuingia, ukawa umeamuliwa na kalenda.